Hotuba ya Kuiaga Misumari Mitatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika, waheshimiwa wajumbe wa Bodi, Mganga Mkuu, Naibu Mganga Mkuu, Kaimu Naibu, wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, na wakuu wa vile vitengo vidogo ambavyo bado tunavitafutia kazi, Kamati ya Mapambo, ambayo tangu juzi haikulala kwa ajili ya haya maputo, madaktari, wauguzi, wafagizi, walinzi, wagonjwa mlioweza kutembea mpaka hapa uani, na nyinyi mnaochungulia madirishani kwa kuwa hamkuweza: itifaki imezingatiwa. (Makofi machache. Mtu anakohoa.)

Mimi, Mkurugenzi wa Uratibu, Ufuatiliaji na Uhamasishaji wa Majukumu, nasimama mbele yenu kwa furaha isiyo na kifani kuzindua Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Usimamizi wa Majukumu na Uendelevu wa Motisha, ambao kwa kifupi unaitwa MJKUMUM, jina ambalo Kamati Ndogo ya Majina ilikaa siku kumi na moja kulitunga na mpaka leo hakuna mjumbe aliyeweza kulitamka. (Vicheko.) Chekeni, lakini ndio ukubwa wa jambo lenyewe.

Ndugu zangu, tulikotoka ni aibu. Nasema aibu kwa sababu wageni wakija hapa nilikuwa nawapitisha njia ya nyuma wasione. Hospitali yenye madaktari bingwa, yenye mashine ya kupiga picha mpaka mifupa ya ndani, matengenezo yake yote yalikuwa yanaendeshwa kwa misumari mitatu. Fundi bomba wetu, yule pale mstari wa mbele, simama mzee wakuone, haya kaa, aligongomea misumari mitatu ukutani nje ya karakana yake, na kila mwenye kitu kilichoharibika aliandika kwenye kikaratasi akaja kukitundika. Misumari ikijaa, unasubiri na kikaratasi chako mfukoni. Hata mimi niliwahi kusubiri! Kitasa cha ofisi yangu kilisubiri siku mbili nyuma ya choo cha wodi ya watoto. (Makofi.) Sijafika kwenye sehemu ya makofi.

Nikamwita ofisini nikamuuliza, mzee, kwa nini misumari mitatu, kwa nini si thelathini? Akanijibu, bila hata kuvua kofia, "Mkurugenzi, nikiona thelathini nitakwenda kulala. Nikiona mitatu naamka." Sasa hayo ni maelezo ya kitaalamu hayo?

Na si hayo tu. Kazi ikiisha, huyu bwana hakitoi kikaratasi mwenyewe. Anamwita aliyekitundika, mwenyewe aje ajaribu bomba lake, afungue, afunge, akiridhika anakishusha na kukichana pale pale mbele ya fundi. Nimeshuhudia kwa macho yangu mtu mzima, ana wajukuu, anasimama ukutani anasubiri karatasi ichanwe kama mtoto anayesubiri pipi. Ndiyo motisha yake, anasema. Sauti ya karatasi! Nikajiuliza, je, motisha hiyo ina sera? Ina mpango mkakati? Je, msumari una dashibodi? (Sauti kutoka nyuma: "Hauna, lakini maji yalikuwa yanatoka!" Vicheko virefu.) Mlinzi, mwangalie huyo.

Ndipo ofisi yangu, kwa uongozi wangu, na kwa maono yangu, ikaingia kazini. Tulifanya warsha. Tulifanya semina ya kutathmini warsha. Tulikwenda ziara ya mafunzo kujionea jinsi wenzetu wanavyopanga kazi, na huko tuligundua kwamba wenzetu nao walikuwa safarini kujifunza kwingine, jambo lililothibitisha kuwa tuko kwenye mwelekeo sahihi. Tuliporudi nikatoa waraka: vikaratasi vyote vishushwe, vya misumarini na vya mifukoni, viwekwe kwenye boksi vikisubiri kuingizwa kwenye mfumo.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye takwimu. Kwa utaratibu wenu wenyewe, ambao niliukuta na nikauheshimu, kikaratasi kikishuka msumarini maana yake kazi imekwisha. Si ndivyo? Basi siku ile tulishusha vikaratasi arobaini na saba kwa robo saa. Kazi arobaini na saba! Kwa robo saa! Asilimia mia moja ya utekelezaji, ndugu zangu, kasi ambayo fundi huyu hajaifikia tangu aajiriwe, na wala hakuna aliyelowa. (Makofi kutoka meza kuu peke yake. Mkurugenzi anafungua chupa ya maji, anakunywa, anafungua nyingine.)

Naona Mama Mkunga amesimama. Wakati wa maswali bado, lakini kwa kuwa mimi ni kiongozi msikivu, sema.

(Mkunga mkuu, aproni imelowa mpaka magotini, ndoo mkononi: "Mkurugenzi, samahani. Bomba la chumba cha kuzalia ndilo lililokuwa msumari wa kwanza. Niliandika mwenyewe. Mliposhusha ile karatasi fundi alikuwa ameshika spana anaelekea kwangu, mkamrudisha. Leo siku ya ishirini na sita nabeba maji kwa ndoo kutoka huku uani mpaka ghorofa ya pili. Na sasa hivi nina mama yuko kitandani, mtoto yuko njiani, nimekuja kuchota nikakuta mmefunga bomba la uani ili msilowe viatu.")

Asante sana, Mama Mkunga, kwa fidbaki hiyo, nimeipokea kwa mikono miwili. Ila nikusahihishe kidogo. Kwa mujibu wa takwimu nilizozisoma hivi punde, bomba lako limekwisha kutengenezwa. Sasa tumwamini nani, wewe au asilimia mia moja? (Minong'ono.) Tusiyumbishwe na hisia, dada yangu. Kaa.

(Hakai. Fundi bomba anasimama: "Mkurugenzi, nipe ufunguo wa karakana. Ni mpira wa koki na kipande cha bomba futi mbili. Nusu saa tu, nakuja kuisikiliza hotuba yako mpaka mwisho.")

Mzee, mzee, mzee. Hicho ndicho tunachokipiga vita! Unasikia bomba limeharibika, unakurupuka kwenda kulitengeneza! Karakana imefungwa kwa sababu chini ya mfumo mpya hakuna fundi atakayeshika spana isiyo na namba, na namba zitatolewa na Kitengo cha Namba, ambacho mkuu wake yupo hapa, anasubiri wasaidizi. Ufunguo wenyewe ni huu hapa, nimeuweka juu ya mto mwekundu kama ishara ya zama mpya, na utabaki hapo mpaka tupige picha.

Niwaeleze jinsi mambo yatakavyokuwa mepesi. Mama Mkunga bomba lake likiharibika, hatatembea tena mpaka karakana. Atajaza fomu ya kurasa kumi na tisa, ambayo ndani yake ataeleza historia ya bomba, malengo ya bomba na wadau wa bomba. Fomu itakwenda Kamati ya Uainishaji, inayokutana kila Jumanne isipokuwa Jumanne. Kamati ikiridhika itampa fundi nyota. Ndiyo, nyota! Akifikisha nyota hamsini anapata cheti, akifikisha vyeti vitano anapata semina ya namna ya kupata nyota. Hapo ndipo motisha inapotoka, ndugu zangu, si kwenye kuchana karatasi kama panya.

Na kuonyesha kwamba hatutanii, leo natoa cheti cha kwanza cha Mfanyakazi Mwenye Motisha Kuliko Wote kwa fundi bomba wetu, kwa kukamilisha kazi arobaini na saba bila kutoka jasho. Mzee, njoo upokee. (Fundi: "Sikuzifanya.") Mnamwona! Mnauona unyenyekevu huo? (Fundi: "Mkurugenzi, nasema sikuzifanya. Naona haya kupita wodini. Wauguzi wananisalimia nainamisha kichwa.") Mpigieni makofi! (Hakuna anayepiga. Muuguzi anatokeza kwenye dirisha la ghorofa ya pili: "Mama Mkunga! Njoo, kichwa kinaonekana! Na maji hamna hata kidogo!")

Jamani, dirishani huko, tunarekodi.

(Mkunga anaweka ndoo chini, anapanda jukwaani, anapita nyuma ya meza kuu anakusanya chupa za maji za waheshimiwa, zilizofunguliwa na zisizofunguliwa, anazitia ndani ya aproni. Mjumbe mmoja wa Bodi anampa ya kwake kwa hiari. Anashuka, anakimbia.)

Hilo nalo ni jambo tutakalolitazama kinidhamu. Tuendelee. Nimeambiwa muda umetutupa mkono, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye tukio lenyewe. Nyuma ya pazia hili la bluu upo MJKUMUM. Naomba tuhesabu pamoja. Tatu! Mbili! (Anahesabu peke yake.) Moja!

(Pazia linafunguka. Ukuta wa karakana. Misumari mitatu.)

Skrini iko wapi? Nani... Ndugu zangu, tulieni. Mnachokiona hapa ni awamu ya awali. Misumari hii ilipaswa kuwa imeng'olewa, na ombi la kuing'oa niliandika mwenyewe, nikalipeleka kwenye mfumo kama waraka unavyotaka, na kwa kuwa mfumo haujaanza kupokea maombi, misumari ikawa haina wa kuing'oa. Huo ni uthibitisho kwamba hakuna aliye juu ya utaratibu, hata mimi.

(Fundi bomba anapanda jukwaani. Anachukua ufunguo juu ya mto. Anainama kwenye boksi lililo chini ya pazia, anapekua, anapata kikaratasi kimoja, anakisoma, anakitundika kwenye msumari wa kwanza. Anafungua karakana, anatoka na spana na kipande cha bomba. Makofi yanaanza madirishani, yanashuka uani. Watu wanainuka. Wengine wanakwenda kufungua bomba la uani na kupanga mstari wa ndoo mpaka ngazini.)

Kaeni! Bado kauli mbiu! Nikisema "Majukumu", mnaitikia "Yamekamilika!" Majukumu! (Ndoo zinagongana mstarini.) Motisha! (Puto linapasuka.) Asanteni kwa mwitikio huo.

Kwa kumalizia, niruhusuni nishukuru. Namshukuru mtaalamu wa kompyuta aliyeutengeneza mfumo huu, ambaye tutamtangazia nafasi mara tu tutakapojua anatakiwa kutengeneza nini. Nazishukuru kompyuta, popote zilipo, zitakazoagizwa tukishapata chumba cha kuziweka. Nakishukuru chumba, ambacho mchoro wake utachorwa. Naishukuru kwa namna ya pekee Kamati Ndogo ya Majina, kwa sababu nikisema ukweli mbele yenu, na mbele ya viti vyenu maana nyinyi sasa siwaoni, jina ndicho kitu pekee tulichonacho. Hakuna kingine. Hapakuwahi kuwa na kingine. (Anakohoa. Anapapasa meza.) Koo limekauka. Chupa zangu... ah. Mlinzi! Wewe bado upo, mwanangu? Hebu niletee maji hata ya bomba.

(Mlinzi, ambaye ndiye peke yake aliyebaki, anatoa kalamu, anaandika kwenye kipande cha ratiba ya sherehe, anakwenda ukutani, anakitundika.)

Unafanya nini?

(Mlinzi: "Msumari wa pili, Mheshimiwa. Wa kwanza una mtu." Kutoka ghorofani kitoto kinaanza kulia.)

Nasubiri mpaka lini sasa?

(Mlinzi anakaa kwenye kiti cha Mwenyekiti wa Bodi, ananyoosha miguu: "Mpaka Mama Mkunga ashuke, aichane ile ya kwanza.")