Kisima cha Bi Mbeyu Kilichochimbwa Bila Kikao

Bongwe, Kwale
Februari 1956

Kwa Mheshimiwa Bwana Mudir,

Assalaam aleikum. Natumai wewe na watu wako hamjambo. Mimi sijambo kwa mwili, lakini moyo unaniuma. Hapa Bongwe kimechimbwa kisima, na kina maji.

Kisima chetu cha zamani kiligeuka chumvi, wake zetu wakawa wanakwenda kuteka maji mpaka Ukunda. Ukatuagiza tuwatafute kwanza wote wanaohusika na kisima kipya, tuwaridhishe, ndipo tuchimbe. Nikateuliwa mwenyekiti wa kamati. Wallahi kazi hiyo nimeifanya mpaka koo limenikauka. Sasa tazama tulivyotendwa.

1. Tuliwaalika akina baba wa wenye shamba tulilotaka kuchimba kisima, tukawapikia pilau, wakaridhika. Walipokwisha kunawa ndipo tukakumbuka kuwa kwetu sisi Wadigo shamba lile ni la upande wa mama, na wenye neno ni wajomba. Tukapika upya. Wajomba nao wakasema wana mjomba wao, yuko Majoreni na hapendi safari. Tulikuwa tungali tunambembeleza mzee huyo, mara Bi Mbeyu, jirani yangu mjane, akashika jembe.

2. Mizimu ya pale nayo inahusika. Tuliipelekea ubani na halwa, tukaipa muda ijibu. Haijajibu. Halwa tuliila wenyewe isije ikaharibika, lakini nafasi yake katika kikao ipo mpaka leo.

3. Bi Mbeyu hakualikwa hata kikao kimoja, basi alijuaje kisima kinatakiwa wapi? Ati anasema anayehusika ni mwenye mtungi kichwani. Matusi gani haya, Bwana Mudir! Katika kamati nzima hakuna hata mmoja aliyewahi kubeba mtungi.

4. Wanawake wote walimfuata, hata mke wangu Biasha, naye ni mja mzito. Nilikuwa nimemsihi avute subira, kwani Ukunda si mbali kwa mtu mwenye imani. Akachukua karai, akaenda kuzoa udongo. Niliona haya mbele ya kamati.

5. Sasa wamepangana zamu za kuteka, bila katibu, wala hawagombani. Tukinyamaza, kesho watajenga shule, kesho kutwa barabara, na sisi tutakutana kwa jambo gani?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, utume watu wakifukie. Tukisharidhiana sote, pamoja na mzee wa Majoreni na mizimu, tutakichimba tena palepale, kwa maana mahali penyewe hapana kasoro.

Nisalimie nyumba yako, makarani wote na askari wa mlangoni. Kamati yote inakusalimu, ila katibu wetu Sefu, ambaye amekwenda kuteka maji.

Ni mimi mtiifu wako,
Suleiman Chirau
Mwenyekiti

N.B. Wino huu ni wa unga. Nilipotaka kuukoroga sikupata maji nyumbani ila ya mtungi wa Biasha, aliyoyateka kwa Bi Mbeyu. Na kabla sijaifunga barua hii amejifungua salama, alhamdulillahi, mtoto wa kike, akaogeshwa kwa maji hayohayo. Wamekwisha kumwita Mbeyu, wala sikuulizwa. Maji nimeyaonja, matamu. Hao watu wa kufukia, tafadhali usiwatume mpaka nikuandikie tena. Na kabla ya kukuandikia itanibidi niitishe kikao.