Ofisi ya Ushauri wa Ndoa kwa Kaseti, Rugera

Jumatatu, 4 Julai 1988

Ofisi imefunguliwa rasmi asubuhi ya leo. Ofisi yenyewe ni baraza langu hapa Rugera: meza, benchi na redio kaseti. Mwenye shida ya ndoa anakaa, anabonyeza kitufe chekundu, anamwaga yote bila kunitazama usoni. Mimi nakuwa shambani. Baadaye nasikiliza peke yangu na kujibu kwenye kaseti hiyohiyo. Hakuna aibu, hakuna kukodoleana macho. Athanasi, una kichwa wewe!

Mteja wa kwanza: Sibomana, kibarua wa shamba la kahawa la jirani. Mke wake Kampire amemnunia, hamsemeshi kabisa. Nimemjibu kwa sauti nzito kama ya msomaji wa habari. Naye anyamaze. Atakayefungua mdomo kwanza ndiye ameshindwa. Sibomana kanishukuru kwa mikono miwili.

Akapita Leonidas, mzee wa kanisa, ambaye anasuluhisha ndoa za watu bure na kuwamalizia chai. Akauliza mke wangu hajambo? Nikasema hajambo. Na kweli hajambo. Yuko Kanoni kwa baba yake, ananenepa.

Jumanne, 5 Julai

Kuhusu Placidia. Amenoba. Ndivyo tunavyosema huku mke akikasirika na kurudi kwao. Sababu ni mbuzi tu! Mbuzi wake mweupe, yule anayezaa mapacha, nilimpa Pastory mwenye duka pale Kayanga, naye akanipa redio kaseti. Placidia nikamwambia mbuzi amepotea. Hata kumtafuta nilimsaidia, tukazunguka migomba yote mpaka bondeni, mimi nikiita kwa sauti kuliko yeye. Wiki iliyofuata Pastory akamwona sokoni, akampa habari kwamba mbuzi wake anakula vizuri. Mdomo wa Pastory haujui kupumzika.

Mila yetu ni kwamba mume anamfuata mke mwenyewe. Anabeba rubisi, pombe yetu ya ndizi, anakaa chini mbele ya wakwe, anaulizwa maswali mpaka jasho limtoke. Na Mzee Byabato, baba mkwe wangu, anauliza kama hakimu. Siendi. Mshauri wa ndoa akionekana anamfuata mke, nani atakuja tena kwenye benchi lake?

Lakini nyumba imekuwa kubwa mno. Leo nimemenya ndizi mwenyewe. Mikono imejaa utomvu, hata kalamu inanata. Nimezipika zikaungua chini, juu mbichi. Nimekula nikiwa nimesimama. Namtaka mke wangu. Basi, nimesema.

Alhamisi, 7 Julai. Sabasaba, mapumziko

Ushindi! Sibomana na Kampire wamepatana!

Mambo yalikwenda hivi. Walikuwa wamekaa uani, kila mmoja kimya, kama nilivyoelekeza. Akaingia ng'ombe wa jirani, akaanza kula maharage yaliyoanikwa kwenye mkeka. Sibomana akamwona. Kampire akamwona. Hakuna aliyetaka kushindwa. Ng'ombe akamaliza maharage, akahamia kwenye shati la Sibomana lililokuwa kwenye kamba, akala mkono mmoja. Hapo Kampire akapasuka kwa kicheko, Sibomana naye akacheka mpaka akakaa chini, na tangu jana hawanyamazi. Leonidas anawaambia watu eti aliyewapatanisha ni ng'ombe. Wivu huo.

Nikapata wazo. Nimtumie Placidia kaseti! Nimerekodi hotuba safi kuhusu subira, utii na wajibu wa mke. Mbuzi sikumgusa. Nimekohoa mara kadhaa kuonyesha majonzi. Kwa Mzee Byabato hawana mashine ya kaseti, kwa hiyo Sibomana ataipeleka redio yenyewe, pamoja na kibuyu cha rubisi. Betri nimezianika juani kutwa zipate nguvu. Keshokutwa mke yuko nyumbani, na mimi sijapiga goti popote.

Jumamosi, 9 Julai

Sibomana amerudi. Mke hana. Redio hana. Kucheka ndiko kulikomchelewesha njiani.

Anasema wazee wa ukoo waliitwa wote. Mzee Byabato akauliza mume yuko wapi. Sibomana akaionyesha redio. Basi wakaileta kigoda, kile cha wakwe, wakaiketisha. Wakaiamkia, wakaiuliza habari za Rugera. Ikatoa hotuba yangu. Mzee akauliza kuhusu mbuzi. Redio kimya. Akauliza tena. Kimya. Akawaambia wenzake kwamba huyu mkwe amepata adabu, ni mara ya kwanza kumwuliza swali asimkatize.

Kisha wakanywa rubisi yangu. Sibomana alipotaka kuondoka na redio wakamzuia. Mkwe aliyekuja kumfuata mke halali njiani. Amepokelewa, atakaa hapa mpaka mambo yaishe! Jioni wakamtafutia mkwe taarifa ya habari, wakampigisha muziki, shemeji zangu wakacheza.

Nikauliza Placidia alisema nini. Sibomana akasema: "Alisema huyu mume ni bora kuliko yule wa Rugera, maana ana kitufe cha kuzimia."

Sijala usiku huu. Ndizi zipo. Hamu ndiyo haipo.

Jumapili, 10 Julai

Nimekwenda Kanoni. Nimepita nyuma ya kanisa ili Leonidas asinione, nikakutana naye hukohuko nyuma. Akaona kibuyu mgongoni. Akanitakia safari njema kwa upole mwingi, mnafiki yule.

Redio ilikuwa juu ya kigoda, imefunikwa kitambaa isipate vumbi. Mimi nikakalishwa kwenye nyasi. Nikawaamkia wazee wote, shikamoo moja moja. Mzee Byabato akauliza mbuzi yuko wapi. Nikatazama redio. Haikunisaidia. Placidia alikuwa amesimama mlangoni, amefunga kitenge kile cha njano, na hotuba yote niliyoiandaa ikayeyuka.

Nikasema: "Mbuzi nilimtoa mimi. Nyumba haina mtu wa kubishana nami, Placidia, na siwezi kuishi hivyo."

Wazee wakamgeukia. Yeye akaziba mdomo kwa kiganja, nikajua anacheka. Akasema: "Mbuzi kwanza."

Jumanne, 12 Julai

Wazee waliniachia redio, na jana nimeipeleka Kayanga. Pastory hakutaka kubadilisha, nikabembeleza mpaka wateja wake wakaniombea. Nikamfikisha mbuzi Kanoni leo asubuhi, nikiwa nimemkumbatia maana aligoma kutembea. Tumerudi watatu: Placidia mbele, mbuzi katikati, mimi nyuma na mizigo. Amenisema kuanzia kwao hadi mlangoni petu, bila kupumzika. Raha iliyoje! Usiku amepika ndizi kwa maharage. Nimekula sahani mbili, nikaomba ya tatu, akanisema tena.

Jumatano, 13 Julai

Nina furaha kubwa. Nyumba ina moshi, ina kelele, ina mke. Nimeapa kutomficha kitu tena maisha yangu yote.

Mchana nimepita Kayanga kununua chumvi. Pastory ameleta kipaza sauti cha kushika mkononi, kinatumia betri! Ukisimama nacho juu ya kichuguu, unatoa ushauri kwa soko zima mara moja, tena bila benchi. Leonidas atakunywa chai yake peke yake. Pastory anasema kipaza sauti hakiuzwi, ila yule mbuzi mweupe aliwazoea sana pale dukani, na watoto wa Pastory wanamlilia.

Placidia nitamwambia mbuzi amepotea. Kosa langu mara ile ni kwamba tuliishia bondeni. Safari hii nitamtafuta mpaka ng'ambo ya mto.