Nipunguzeni, Jamani!

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa kwenye lango la chuo cha ufundi. Serikali imetoa fedha! Mafunzo ya kuchomelea vyuma, miezi sita, bure kabisa. Nililisoma mara nne. Moyo ukanidunda kama wa kijana anayengoja jibu la posa. Kisha nikaufikia mstari wa mwisho: kwa waliopunguzwa kazini tu.

Mimi sijapunguzwa. Mimi ni karani wa ghala kwenye kiwanda cha magunia, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na hakuna hata dalili. Mkosi gani huu!

Jumanne, 4 Machi

Mchana sikula. Nilikwenda kusimama nyuma ya chuo, kwenye ua wa waya, karibu na karakana. Wanafunzi walikuwa wanaunga geti. Zile cheche! Ile harufu ya chuma kinachoungua! Nilikuwa na miaka tisa nilipoinusa mara ya kwanza, fundi akiunga mguu wa dawati langu. Nikamwambia baba nataka kuwa kama yule. Baba akasema mtoto mwenye mwandiko mzuri hivi atakaa ofisini. Mwandiko umeniponza maisha yangu yote.

Nimekata shauri. Lazima nipunguzwe. Nilimwambia mke wangu nina mpango. Akashika kichwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya kwanza: uzembe. Nilifika kazini saa nne. Nikapanda juu ya marobota ya magunia, nikalala mdomo wazi, makusudi, pale pale anapopita Meneja. Mama huyo akapita. Akanifunika gunia! Baadaye akawatangazia wote kwamba mzee wa watu anajiua kwa kazi na wao wanatazama tu.

Kidevu, karani mwenzangu, alinikazia jicho la kijicho. Tangu Januari maskini anaogopa kupunguzwa kuliko kitu kingine chochote. Kila asubuhi anampelekea Meneja chai. Meneja akipiga chafya, yeye anacheka.

Ijumaa, 7 Machi

Mbinu ya pili: ujeuri. Kwenye mkutano nilisimama, nikasema ghala linavuja, mlango wa nyuma haufungi tangu enzi, na uongozi wote umelala fofofo. Kidevu akafumba macho kama mtu anayengoja kishindo. Meneja akavua miwani, akaifuta, akasema: "Miaka yote hii nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu wa kuniambia ukweli."

Nimepandishwa cheo. Msimamizi wa Ghala! Nimepewa kiti chenye magurudumu. Mke wangu alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Mimi nikaenda kujifungia bafuni.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa. Wamesema kwa kuwa ghala sasa lina msimamizi, karani hahitajiki tena. Kidevu amepunguzwa. Yeye!

Alikuwa anapanga vitu vyake kwenye boksi: kikombe, kalenda, picha ya wanawe. "Ndugu yangu," akaniambia, "nitawaambia nini nyumbani?" Machozi yanamtiririka. Nami nimekaa kwenye kiti chenye magurudumu. Maneno yakanitoka kabla sijayazuia: nikamwambia kuna mafunzo chuoni. Ulimi huu! Angalau ningengoja hadi wiki ijayo.

Ijumaa, 21 Machi

Kidevu yumo ndani ya karakana. Nimemwona kwa macho yangu. Kofia yenye kioo cheusi, glavu hadi kwenye kiwiko. Na imemkaa! Mwalimu amesimama nyuma yake, anamnyoosha mkono taratibu, kama unavyomfundisha mtoto kushika kalamu. Nilisimama pale nimeung'ang'ania waya mpaka ukaniachia alama viganjani. Kidevu akaniona, akanipungia. Sikumpungia. Kisha nikampungia, kidogo tu.

Jumapili, 30 Machi

Kidevu amekuja nyumbani na kigoda cha chuma. Kazi yake ya kwanza, katuletea sisi, kwa sababu bila mimi asingejua habari. Kinayumba. Mguu mmoja mfupi. Nilifurahi kuona hivyo, Mungu anisamehe.

Lakini alipokuwa anaongea na mke wangu, nilipitisha kidole kwenye ule mshono. Polepole. Pale vyuma viwili vinapoacha kuwa viwili. Kidevu akasema mwalimu huwaambia kwamba mkono ukitulia, chuma chenyewe kinakutii. Akauliza mbona macho mekundu. Vumbi, nikamjibu. Mke wangu akanisogezea kikombe changu.

Jumatatu, 31 Machi

Nimejiuzulu! Barua mezani kwa Meneja saa mbili, saa tatu niko chuoni, natweta. Msajili, mama mmoja mwenye subira, akaisoma nakala ya barua yangu hadi mwisho. Akaeleza kwamba fedha ya serikali ni ya waliopunguzwa, siyo ya waliojiondoa wenyewe. Akaona uso wangu. Akasema nisivunjike moyo, leo asubuhi imeidhinishwa fedha nyingine, ya walio kazini wanaotaka kuongeza ujuzi. Akachukua kalamu, akauliza mwajiri wangu ni nani.

Nikatazama dari.

Jumatano, 2 Aprili

Mke wangu amekwenda kwa msajili mwenyewe, bila kuniambia. Amerudi na karatasi. Kumbe kuna orodha ya kusubiri kundi la Julai! Haiulizi umepunguzwa wala umejiuzulu. Mimi ni wa tatu. Julai nitaitwa, nitavaa kofia, nitashika moto kwa mikono yangu. Mke wangu amelirudia sharti moja mara tatu, kanishika shati: nitulie.

Nitulie! Mpaka Julai! Miezi mitatu ya kunusa harufu ile kutoka nje ya waya!

Nimesikia kiwanda cha sabuni kitapunguza watu arobaini kabla ya mwisho wa mwezi. Kesho alfajiri naenda kuomba kazi.