Ramani ya Bonde na Pikipiki ya Marehemu

Wilfred hakuwahi kuiba. Watu walimpa vitu wenyewe, kisha wakajuta wenyewe. Yeye alikuwa shahidi tu.

Asubuhi moja huko Mbagala alinunua mihogo ya kukaanga, ikafungwa kwenye ramani ya mwaka 1957: bonde la mto, vilima kwa mistari ya kahawia, majina ya vitongoji kwa herufi ndogondogo. Mihogo akaila. Ramani akaipaka chai, akaipitisha kwenye moshi, akachora msalaba mwekundu kando ya mto. Hapo, kwa madai yake, Mjerumani alizika sanduku la rupia.

Mteja alikuwepo tayari: Mama Anastasia, mjane mwenye duka la mbao, na pikipiki ya marehemu mumewe iliyokaa bure uani. Pikipiki hiyo ilimnyima Wilfred raha. Asichokijua ni kwamba mama huyo alizaliwa bonde lilelile, na mwaka wa tatu sasa alikuwa akihangaika kwenye baraza la ardhi kutetea shamba la babu yake bila karatasi hata moja.

Wilfred akatoa shikamoo iliyonyooka, akakunjua ramani mbele ya mafundi wa dukani. Yeye kifua kinamsumbua, akaeleza, kuchimba hawezi. Angeridhika na pikipiki tu.

Kidole cha mama kikafuata mto, kikasimama penye kitongoji chenye jina la babu yake.

"Umeitoa wapi, mwanangu?"

"Urithi wa babu, mama. Sie watu wa ng'ambo ya mto, magharibi. Babu ndo alibeba lile sanduku."

"Magharibi kabisa?"

"Nimezaliwa hukohuko."

Mama akaikunja ramani, akaifutika kwenye khanga.

"Basi wewe mtani wangu. Sie wa mashariki tunachukuaga vitu vyenu tangu enzi za mababu. Na hiyo kofia lete."

Mafundi wakacheka. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Wilfred iliishia hapo. Mtani hanuni akichukuliwa kitu. Akinuna si mtani, na kama si mtani, basi babu na sanduku ni uongo mtupu. Akavua kofia, akacheka pamoja na mafundi huku roho ikimuuma.

Mwezi uliofuata baraza likaikagua ile ramani, likampa Mama Anastasia shamba lake, naye akalia mbele za watu bila aibu. Mwenyekiti akauliza ule msalaba mwekundu ni wa nini.

"Hapo," akajibu akijifuta machozi, "kuna mtani wangu kazika pikipiki."