Elfu Nne Mlangoni

Jumatatu, 14 Machi 2022
Kompyuta yangu mpya imefika! Vipande vipande, lakini imefika. Kasha, prosesa, madabodi, feni tatu zenye taa za bluu. Nerima, mke wangu, ameuliza studio ya video hapa Kawempe inataka feni zenye taa za nini. Kimebaki kitu kimoja: memori.

Kazi ya kwanza nayo imeshapatikana. Hajji Ramathan wa Kibuli ameleta kanda ya video ya mwaka 1993. Ndani yake mama yake, marehemu Zuleika, anaimba doluka, ngoma ya Wanubi, kwenye harusi. Nakala nyingine hakuna. Jumamosi ukoo mzima unakutana kumsomea dua, na wajukuu waliozaliwa ng'ambo hawajawahi kuisikia sauti yake. Kanda ni ya saa mbili. Nimemwambia nitaihamishia kwenye kompyuta kwa dakika kumi. Amenitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Jafar, mwenye studio ng'ambo ya barabara, ameandika mlangoni: MEMORI 3200. Huo ndio mwendo wa memori yake, kwa rangi nyekundu. Tutaona.

Jumanne, 15 Machi
Nimekwenda mjini kwa Rukiah fundi, ghorofa ya tatu. Akaitazama karatasi ya madabodi yangu, akasema memori hufuata mwendo ambao prosesa na madabodi vinauweza, na vyangu mwisho wake ni 2933. Ninunue mbili za 3200, pacha, zikimbie 2933 bila kulazimishwa. Mbili hufanya kazi kama watu wawili wanaobeba kochi. Moja peke yake itahangaika, hata iwe na nguvu vipi.

Nikamsikiliza kwa adabu. Lakini kwenye duka la jirani, ndani ya kabati la kioo, niliiona. Elfu nne! Nyekundu, ina meno juu kama taji. Nilisahau kupumua.

Rukiah akaona macho yangu yalikokwenda. Akaniuliza, "Kaka Khaemba, unanunua kompyuta au unanunua nambari?"

Nikasema kompyuta. Nikangoja aende kuswali adhuhuri. Nikanunua nambari.

Jumatano, 16 Machi
Nimeunganisha kila kitu mwenyewe. Kabla ya kuwasha nikaandika mlangoni: MEMORI 4000. Jafar alivuka barabara kuja kusoma. Akavua kofia. Siku tamu kuliko zote tangu nihame Bungoma!

Nikawasha. Ikawaka! Kwenye skrini ikaandika mwendo wa memori: 2133.

Matusi haya! Nikaingia kwenye mipangilio, nikailazimisha: 4000. Ikazima, ikajiwasha upya. Feni zikazunguka, taa zikameta. Skrini nyeusi.

Nyeusi mpaka sasa. Nimebadilisha waya. Nimebadilisha soketi. Nimeomba. Nerima amepita akasema angalau feni zina taa.

Hajji alipiga simu. Nikamwambia mashine inapata joto.

Alhamisi, 17 Machi
Fedheha. Nimemwita Rukiah. Alikuja kwa boda, akaiona ile nyekundu. Nikasema nilishauriwa na rafiki. Akasema huyo rafiki anamfahamu.

Akachomoa betri ndogo kama sarafu kwenye madabodi, akanywa chai taratibu, akairudisha. Kumbe mashine ikitolewa betri husahau ujinga wa mwenye nayo! Akatoa nyekundu, akaweka pacha mbili nyeusi zisizo na taji, akapanga 2933. Ikawaka. Nikafungua video sita kwa pamoja, zote zikacheza, hakuna iliyokwama. Sita! Nerima alipiga makofi. Mimi nilikaa chini.

Kisha Rukiah akauliza deki ya kuchezea hiyo kanda iko wapi.

Deki.

Nimezunguka Kawempe nzima. Hakuna mwenye deki nzima ila mtu mmoja. Jafar.

Ijumaa, 18 Machi
Nilikuwa nimetunga uongo mzuri. Nilipofika kwa Jafar nikataja jina la Zuleika, na uongo ukakatika hapo hapo, kwa sababu Jafar alisimama. Akasema mwanamke huyo aliimba kwenye harusi ya wazazi wake. Akaipangusa deki, akasafisha kwa spiriti kichwa chake kinachosoma kanda, akaibeba mwenyewe. Nadhani ana njama.

Hajji alifika baada ya swala ya Ijumaa. Nikabonyeza. Nikatazama saa. Baada ya dakika kumi zilikuwa zimehama dakika kumi. Nikampigia Rukiah. Akasema kanda huhama kwa mwendo ule ule wa kuchezwa, saa mbili ni saa mbili, hakuna memori duniani ya kuiharakisha harusi.

Nikageuka kumwomba Hajji radhi. Hakunisikia.

Mama yake alikuwa ametokea kwenye skrini. Gauni la manjano, ngoma kwapani, mistari ya kanda kuukuu ikimpita usoni kama mvua. Akafungua kinywa. Sauti ile! Ilijaza chumba, nikahisi iko kifuani mwangu. Lugha yao siielewi, na nilielewa yote. Feni zilikuwa zinavuma, nikazifunika kwa jaketi.

Hajji akasema polepole, "Mimi sasa ni mkubwa kuliko mama alivyokuwa hapo."

Saa mbili nzima hakuna aliyeinuka. Jafar alilia waziwazi. Mimi niliingiwa na vumbi machoni.

Jumamosi, 19 Machi
Kibuli. Uani watu hawahesabiki. Baada ya dua tukaionyesha video ukutani. Zuleika alipoimba, bibi mmoja wa kiti cha nyuma aliitikia. Kisha mwingine. Kisha wote, miaka ishirini na tisa baadaye, wakimwitikia kana kwamba ametoka tu kuchota maji. Msichana mmoja kutoka ng'ambo aliweka kiganja ukutani, juu ya uso wa bibi yake, asikiondoe.

Sijawahi kuona kitu kama hicho. Sijui niandike nini.

Jumapili, 20 Machi
Nimetafakari kwa kina. Nimepata funzo.

Memori haina kosa. Mimi sina kosa. Mchelewaji ni deki! Mota yake ni ya kizamani, inajivuta. Mota ikizunguka mara kumi na mbili zaidi, saa mbili zinakuwa dakika kumi. Hesabu haidanganyi. Rukiah hajawahi kuliwaza hili, na sitamwambia mpaka kazi imalizike.

Jafar aliniachia deki mpaka kesho, kwa imani. Nimeshafungua skrubu zote. Ndani mna kanda ya harusi ya mteja wangu Wanyama, aliileta asubuhi akielekea kanisani, imekataa kutoka. Si kitu. Mota nimeitoa kwenye mashine ya kusagia karanga ya Nerima. Imeingia vizuri kabisa, kwa nyundo kidogo.

Kitu chembamba chenye springi kimeruka, kimetoka dirishani, kimevuka barabara. Jafar amekiokota. Anakitazama. Anakuja huku.

Bila shaka anataka kujua siri.