Bibi Harusi wa Mlango wa Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Leo abiria amelala. Hakusinzia. Amelala fofofo, kichwa begani kwangu, mimi naendesha kigari na papo hapo naeleza historia ya mtaa wa kale! Mwingine wa kiti cha nyuma akauliza forodha ya zamani ilijengwa lini. Nikamjibu zamani. Akauliza zamani lini. Nikamwambia bwana, zamani ni zamani, ndiyo maana inaitwa forodha ya zamani. Wakaangaliana. Watu wengine hawafai kutembezwa.

Kipaza akapita na kigari chake chekundu, abiria wake wanacheka hadi wanashika mbavu. Kipaza! Juzijuzi tu alikuwa anauza vifuniko vya simu. Kanunua kipaza sauti cha kuning'iniza kiunoni, basi kajiona mwanahistoria.

Nyumbani ndiyo balaa. Mama mkwe kaniita sebuleni. Kigari ni chake. Aliuza kiwanja akakinunua, cha betri, kipya, turubai juu, na ufunguo alinikabidhi mbele ya ukoo mzima. Sasa amesikia abiria wanalala. Kwa nani? Kwa Shemeji bila shaka, mdogo wake mke wangu, mtu mzima na ndevu zake anayeamka wenzake wakila cha mchana. Mama akasema kwa upole (na upole wake ndio unaonitisha) kwamba Jumamosi atapanda yeye mwenyewe, azungushwe kama abiria, aone. Akiridhika, ufunguo unabaki kwangu. Asiporidhika, unakwenda kwa Shemeji.

Mke wangu akashtuka. Akauliza, Mama aende mtaa wa kale? Ni kweli, Mama hajakanyaga kule tangu aolewe. Anasingizia miguu. Nikasema ndani ya kigari miguu haina kazi. Hakuna aliyecheka.

Jumanne, 4 Machi

Nimezaliwa upya! Mkokoteni wa saruji ulipinduka mbele yetu, kwenye uchochoro wa wahunzi. Mbele hakupitiki, nyuma hakurudiki. Abiria wameanza kupiga miayo. Nikatazama kushoto nikaona mlango wa kijani, umefungwa. Juu yake dirisha, na dirishani kitu cheupe kinachezacheza. Mdomo ukajiendea wenyewe.

Nikasema humu anaishi bibi harusi. Siku ya harusi bwana harusi hakutokea. Bibi harusi akaufunga mlango huu na hajaufungua hadi leo, na gauni hajalivua.

Na kile cheupe kikasogea! Naapa, kikasogea chenyewe! Abiria wakapiga kelele. Mama mmoja akatoa leso akalia kwa kwikwi. Saruji ilipozolewa hakuna aliyetaka kuondoka. Tuliporudi kituoni wakanipigia makofi. Mimi! Kipaza akaona. Akatabasamu kama mtu aliyelamba ndimu.

Jumamosi Mama atalia pia. Shemeji aendelee kulala.

Jumatano, 5 Machi

Mwizi! Mwizi mchana kweupe!

Nafika mlango wa kijani na abiria wangu, namkuta Kipaza amekwisha kuegesha. Anawaeleza wake habari za bibi harusi. Bibi harusi WANGU. Kwa kipaza sauti! Tena ameniongezea kasuku. Ati ndani kuna kasuku anayeita jina la bwana harusi kila jioni. Kasuku! Wapi na wapi? Kazi safi ya mtu, iliyotulia, yeye anaipachika ndege!

Abiria wangu wakaniuliza mbona kwangu kasuku hayupo. Nikasema amekufa. Wakasikitika, wakaniona mimi ndiye sijui kitu.

Nimepeleka mashtaka kwa Mwenyekiti wa kituo chetu cha vigari. Haki itendeke.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao kilifanyika kibandani kwa Mwenyekiti, madereva wote wamejazana. Nilisimama nikajieleza vizuri sana. Kipaza akainuka, kavaa miwani ambayo nina hakika haina vioo, akasema historia ni ya watu wote. Mtu hawezi kumiliki historia. Madereva wakaitikia kweli, kweli. Wapambe!

Nikapandwa na hasira. Nikaruka nikasema hiyo siyo historia! Nimeitunga mimi, Jumanne, saruji ilipomwagika! Hakuna bibi harusi, hakuna harusi, hakuna chochote, kila neno limetoka kichwani mwangu, na huyu ameliiba!

Kibanda kizima kimya. Nikajua nimeshinda.

Sikushinda. Mwenyekiti akaniuliza kama nimesikia nilichosema. Akatoa hukumu: Kipaza aache kasuku. Mimi nikidanganya wageni tena, nifungashe virago nitoke kituoni. Hebu ona! Mwizi ananyang'anywa ndege tu, mwenye mali anatishiwa kufukuzwa! Kisha Mwenyekiti akaanza hotuba, kwamba mtaa huu una wenyewe, kwamba yeye mwenyewe kazaliwa humu, sijui nyuma ya kisima, sijui baba yake nani. Sikumsikiliza. Nilikuwa namtazama Kipaza anavyofuta miwani kwa kupenyeza kidole katikati.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetafakari. Mwenyekiti kakataza kudanganya wageni. Mama mkwe si mgeni. Basi.

Ila sasa kisa kimeshachafuliwa na kasuku. Lazima niwe na kitu ambacho Kipaza hana. Nimeoga kwa muda mrefu nikifikiri, na nikakipata. Kwa nini bwana harusi hakutokea? Hakuna aliyejiuliza! Alichukuliwa. Na nani? Na rafiki wa bibi harusi! Marafiki wa chanda na pete, wanakula sahani moja. Bibi harusi kamtuma rafiki akampelekee bwana harusi koti la harusi ajaribu. Rafiki kaenda na koti. Hakurudi. Wala koti halikurudi.

Nimekirudia kisa mbele ya kioo mpaka machozi yakanitoka. Mke wangu akagonga mlango wa bafu akauliza naongea na nani humo na watoto hawajaoga. Nikamwambia ni siri. Akanishauri nimweleze Mama habari za majengo tu, polepole, bila mbwembwe. Mbwembwe! Kisha akasema ana wasiwasi na Mama. Amepiga pasi gauni lilelile tangu asubuhi na hajibu akisemeshwa. Nimefurahi. Maana yake safari yangu anaipa uzito.

Jambo dogo. Mchana mlango wa kijani ulifunguka, akatoka mama wa makamo, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Kumbe ni fundi cherehani, na kile cheupe ni nguo za wateja anazotundika dirishani. Akauliza kwa nini watu wanapiga picha dirisha lake. Nikamwambia wanapenda rangi ya mlango. Hakuridhika. Mafundi ni watu wa kushuku sana.

Jumamosi, 8 Machi

Sijavua hata viatu. Naandika hivyohivyo.

Mama alikaa mbele karibu yangu, gauni limenyooka, mkoba amepakata. Nyuma abiria wamejaa. Nikaanza. Forodha, gereza la zamani, soko la kale. Mama anatazama mkoba wake. Tulipokaribia uchochoro wa wahunzi akasema, taratibu, "Baba, huku tusipite." Nikajua ananipima. Dereva wa kweli habadilishiwi njia. Nikamwambia Mama, utamu wote uko huku, nikakata kona.

Nikasimama mlango wa kijani. Nikazima kigari. Nikaeleza kama sijawahi kueleza maishani. Harusi, maua, ngoma, watu wamekaa. Nilipofika kwa yule rafiki, sauti ikashuka yenyewe. Koti begani, anageuka, anampungia mkono mwenzake. Hakurudi! Abiria wakaguna. Mmoja akasema huyo rafiki ni nyoka. Nikamwunga mkono. Nikasema mtu wa namna ile hata maji ya kunywa usimpe.

Mama akageuka. Uso umebadilika. Akauliza, "Nani kakuambia?"

Moyo ukaruka kwa furaha. Nimemgusa! Sasa, ningesema nimetunga? Mbele ya abiria? Nikasema ni utafiti, Mama. Wazee wa mtaa. Akauliza kama ni watu wengi wanajua. Nikasema mtaa mzima, Mama, mpaka watoto.

Hapo mlango wa kijani ukafunguka, fundi akatoka kama mshale kuja kwangu, kidole juu, pini mdomoni. Akamwona Mama. Pini zikamwanguka, zote. Hakuna aliyesogea. Abiria wanasubiri.

Fundi akasema, "Umenenepa."

Mama akasema, "Na wewe bado unatafuna pini."

Kisha Mama akateremka bila kushikwa mkono, na ile miguu yake mibovu, akaingia ndani. Mlango ukafungwa. Abiria wakauliza kama hii nayo ni sehemu ya safari. Nikasema ndiyo. Wakapiga makofi. Mimi sijui nimekosea wapi, na ndani nasikia mtu analia na sijui ni nani kati yao.

Tukasubiri. Kipaza akapita na kundi lake, nikamsikia kwa kipaza sauti akieleza kwamba ndugu wa bibi harusi ameletwa leo na huyu dereva. Mwizi anaiba hata yasiyokwisha!

Mwishowe fundi akachungulia dirishani. Akasema Mama atarudi mwenyewe, mimi niende. Na Mama kasema ufunguo nimpe Shemeji.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amenieleza yote. Analia, anacheka, analia tena.

Kumbe fundi na Mama walikuwa marafiki tangu utotoni. Fundi alikuwa na mchumba, siku ya harusi imepangwa. Akamshonea koti, akamtuma Mama alipeleke, mchumba ajaribu. Mama alikwenda. Mchumba mwenyewe ndiye marehemu baba mkwe. Na lile koti jeusi lililofungwa kabatini kwa Mama, ambalo hakuna mtoto anayeruhusiwa kuligusa, ndilo. Tangu siku ile hao wawili hawakuonana hadi jana. Mama alikuwa akizunguka mji mzima asipite ule uchochoro. Kigari alikinunua akitumaini, siku moja, atapata ujasiri wa kupandishwa hadi pale.

Sasa mimi nauliza: kosa langu liko wapi? Nimetunga kisa changu mwenyewe, kwa jasho langu, nikiwa naoga. Kumbe wao walikwisha kukifanya kabla mimi sijazaliwa! Nimeibiwa na Kipaza, sasa nimeibiwa na mama mkwe! Na shukrani iko wapi? Jana wale wamelia, wameombana msamaha, wamekunywa chai mpaka giza. Leo asubuhi Mama amerudi tena kwa fundi na lile koti mkononi. Nani kawapatanisha? Mimi. Nani anaitwa mbea? Mimi!

Nilimwambia Mama nimetunga. Hakuamini. Akasema habari ya koti haitungiki. Nikamwambia aulize kituoni, nilikiri mbele ya kikao kwamba ni uongo mtupu. Akaniuliza, basi ulinijibu nini jana? Mke wangu pekee ananiamini, na ananishauri nibaki kuwa mbea, maana mbea angalau anajua kitu.

Mama ametoa uamuzi wake, kwa upole. Ninarudi kigarini, lakini usukani ni wa Shemeji. Mimi mdomo tu. Na mdomo wenyewe nimeuapia: sitasema tena habari za nyumba yenye watu wala za watu ninaoweza kuwajua. Nikivunja kiapo hicho, mdomo nao atapewa Shemeji. Nimeapa mkono juu, nimemaanisha kila neno. Mke wangu alinishika bega. Nilikaribia kulia.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji amegonga ukingo wa barabara, amegonga pipa la taka, na amekwaruza ukuta wa gereza la zamani lenyewe. Abiria wanacheka! Wanasema safari ina msisimko. Nilipoeleza majengo wakapiga miayo. Mlango wa kijani siruhusiwi hata kuutazama. Na Kipaza amerudisha kasuku.

Hali hii haivumiliki. Nina familia.

Lakini tulipokuwa tumekwama kisimani (Shemeji anatafuta gia ya kurudi nyuma) nikaona mlango wa buluu, pale nyuma ya kisima. Kufuli limeshika kutu. Majani yameota kizingitini. Hakuna watu ndani, basi kiapo hakihusiki. Ni nyumba ya kale tu, haina mwenyewe. Nimeuliza? Sijauliza. Ukiuliza unaharibu.

Kisa kimekwisha kuiva kichwani. Humo aliishi tapeli mkubwa kuliko wote wa mtaa huu, aliyewatoza watu kwa ajili ya maji ya kisima ambacho hakukichimba. Na mwanawe! Mwanawe alirithi kila kitu, na hadi leo yuko humuhumu mjini, mtu mzima, anajifanya mkubwa, anakalia kiti na kutoa hukumu za uonevu. Nimecheka peke yangu. Kipaza atakonda.

Kesho naanza. Na bahati imenifungukia: Mwenyekiti wa kituo katuma ujumbe kwamba kesho atapanda kigari chetu akague mwenendo wangu. Vizuri sana. Nimemwomba Shemeji amwachie kiti cha mbele.