Mtani Abeba Mfuko

Jumanne, 6 Machi 1956
Imetangazwa! Jumapili nashindana na Manase, mwenzangu wa hapa klabuni. Mshindi anapelekwa Mombasa kufundisha gofu, mshahara na nyumba juu. Atakayeshindwa anabaki Tanga kuwaonyesha wake za wazungu jinsi ya kushika fimbo. Mombasa naitaka hadi usingizi umepaa. Tatizo: Manase anacheza vizuri kuliko mimi. Tena ana adabu, jambo linaloniudhi zaidi.

Alhamisi, 8 Machi
Dawa yake nimeipata! Manase ni Mbondei wa Muheza. Ernesti, mkata mkonge, ni Mnyamwezi. Watani hao! Mtani akikunyang'anya kitu huruhusiwi kununa. Unakikomboa kwa zawadi huku watu wakikucheka. Basi Ernesti atanibebea mfuko wa fimbo. Mpira wa Manase ukikaribia shimo, auchukue. Mikono itamtetemeka mtu!

Ernesti akauliza kama mimi nami si Mbondei, maana amesikia maneno. Nikamwapia kuwa mimi Mmanga, Mwarabu wa Moa, ukoo mzima. Kwa baba ni kweli. Idi nala pilau ya baba Moa, Krismasi nala kuku wa mama Muheza. Lakini Ernesti hakuniuliza habari za kuku.

Jumamosi, 10 Machi
Mama kafika kutoka Muheza! Hakualikwa. Kaja na kapu la ndizi, anataka kumwona mwanawe akicheza. Nikamshauri abaki kivulini, jua la uwanjani kali. Akasema amelima maisha yake yote chini ya jua hilohilo. Ananiita Eliudi, jina langu la Muheza. Nikamwomba kesho aniite Kombo, la kwa baba. Akauliza ndizi aziweke wapi. Nilijisikia vibaya. Halafu nikala tatu.

Jumapili, 11 Machi
Balaa!

Shimo la kwanza, Ernesti kauokota mpira wa Manase, akamwambia Mbondei ajikomboe. Watu hoi kwa kicheko. Manase akacheka kuliko wote, akatoa sigara, akarudishiwa mpira. Hakutetemeka hata kidole! Asiyecheka alikuwa mwamuzi, mzungu wa kaptula ndefu. Akasema mbeba mfuko wangu ni kama mimi. Alichogusa yeye nimegusa mimi. Adhabu kwangu!

Nikajikaza. Shimo la mwisho tuko sawa. Mpira wangu umelala mdomoni mwa shimo, kipofu angeuingiza. Naiona Mombasa. Mara mama akapiga kigelegele, akaita kwamba huyo ndiye Eliudi wake, damu ya Kibondei! Ernesti akamtazama mama, akanitazama mimi. Akasema kumbe mtani wake nimejificha siku zote hizi! Akaurukia mpira wangu, akadai ndizi. Na kapu la mama lilikuwa palepale.

Adhabu tena. Manase kashinda.

Nilitaka kulia. Nikamlaumu mama. Akajibu polepole kwamba hakujua kuzaliwa naye ni siri. 

Jumanne, 13 Machi
Manase kaondoka kwa basi la Horohoro, kwenda Mombasa. Kaniaga kwa mikono miwili. Mnafiki! Si mnafiki, ndiyo maana inauma.

Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa moja tu: mama. Mwezi ujao kuna nafasi nyingine, nagombea na Uweso, Mzigua wa Pangani. Ernesti anasema Wazigua nao ni watani wake. Mungu mkubwa! Nimempelekea mama salamu kwamba gofu imepigwa marufuku.

Mfuko ataubeba Ernesti.